Makao Hayajajulikana

Belo la mivumba likikatwa kamba pale sokoni Owino, Kampala, nguo hazilali chini. Mikono inaingia upesi: mashati huku, magauni kule, koti lenye doa linatupwa kwenye rundo la bei ya chini, na vazi ambalo mwenye kibanda hajui kama ni la kike au la kiume linatundikwa popote ambapo mteja ataliona. Kila kitu kinapata mahali. Shati lililoamka likiwa la daraja la kwanza linaweza kushushwa jioni likauzwa kwa bei ya la tatu, na hakuna aliyedhulumiwa, kwa maana mpangilio wa sokoni ni makubaliano ya muuzaji na mnunuzi, nao wana haki ya kuubadili kila wakitaka.

Uko mpangilio mwingine usiokubali makubaliano, na huo ndio unaonishughulisha. Unamhusu mdudu mdogo ambaye sokoni hapo hapo hukanyagwa kila siku bila mtu kumtazama mara mbili.

Owino imekaa bondeni, kando ya uwanja wa Nakivubo, na mfereji wa Nakivubo unapita jirani ukielekea Ziwa Nalubaale, ambalo wengi tunaliita Viktoria. Mahali pa namna hiyo, penye unyevu, maganda ya matooke, majani ya kabichi yanayooza na funza wa nzi, ndipo anapopata riziki mbawakawa wa ardhini. Mchana hujificha chini ya ubao, jiwe au gunia, ukiliinua anakimbia. Wengi humdhani mende. Mende ana mwili laini uliobapa na vipapasio virefu kuliko kiwiliwili. Huyu mabawa yake ya mbele yamekuwa gamba gumu, pande mbili zinazokutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka, na juu ya gamba hilo mara nyingi imechorwa mifereji myembamba kutoka mabegani hadi nyuma. Mataya yake yameelekea mbele kwa sababu wengi wao ni wawindaji: hula funza, viwavi, konokono wadogo na mayai ya wadudu wengine. Mkulima anayelima mboga zinazoletwa Owino anafanyiwa kazi na mdudu huyu usiku kucha bila kumlipa chochote.

Familia yake kitaalamu inaitwa Carabidae. Ilipewa hadhi hiyo na Mfaransa Pierre André Latreille mwaka 1802, na mpaka sasa zimeelezwa spishi zipatazo 40,000 duniani. Nyingi zina mahali pake panapojulikana. Lakini wamo wengine ambao mtaalamu akiwafikia kalamu yake husita. Anajua mdudu huyu ameshapewa jina, anajua aliokotwa mlima gani na mwaka gani, ila hajui amwingize katika jenasi ipi, au jenasi yenyewe aiweke chini ya kundi lipi kubwa zaidi. Hapo huandika maneno mawili ya Kilatini, incertae sedis, yaani makao hayajajulikana, kisha anaendelea na wengine.

Kuna wanaoyasoma maneno hayo kama hati ya kushindwa. Mwanafunzi huona kazi haikumalizwa. Mfadhili huuliza fedha zimekwenda wapi. Mimi nayahesabu kuwa miongoni mwa maneno ya heshima kabisa katika sayansi, na sababu yake inaeleweka vizuri hapo hapo Kampala, kwa watu ambao hawajawahi kushika darubini.

Muganda akikutana na Muganda mwenzake ugenini, haichukui muda kabla ya kumuuliza ni wa kika gani, yaani ukoo gani. Jibu litakuwa Ngo, Mamba, Nkima, Nsenene au kingine. Ndani ya kika kuna masiga, ndani ya siga kuna mituba, ndani ya mutuba kuna nnyiriri, mpaka ufike kwenye nyumba ya mtu mmoja. Ngazi hizi zinashabihiana mno na ngazi za wanabiolojia za familia, kabila, jenasi na spishi. Zinashabihiana kwa kuwa pande zote mbili zinadai jambo lile lile: waliomo ndani ya kundi walitokana na mzazi mmoja. Ndiyo maana watu wa kika kimoja hawaoani. Na ndiyo maana mtu ambaye asili ya baba yake haijulikani hawezi kupewa kika kwa kutazamwa pua au kimo. Ukimpa cha kubahatisha, unaweza kumfanya amuoe dada yake. Ni afadhali akae bila jibu mpaka wazee wanaojua waulizwe.

Mbawakawa naye ana asili moja tu. Mababu zake walitengana na mababu wa jirani zake wakati fulani, mahali fulani, na tukio hilo lilipita iwe tunalijua au hatulijui. Mkutano wa wataalamu hauwezi kulipigia kura. Hapa ndipo soko na maabara hupeana kisogo: nguo iliyokosewa rundo inapoteza bei, lakini mdudu aliyekosewa ukoo anawapoteza watu watakaomsoma baadaye, maana kila atakayelinganisha tabia, chakula au sumu ya jamaa zake atakuwa analinganisha na wasio jamaa zake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Afrika. Mwaka 1775 Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka misingi ya kuwapa viumbe majina mawili mawili, alieleza mdudu wa Afrika aliyemwita Paussus microcephalus. Vipapasio vya mbawakawa wa kawaida wa ardhini ni nyuzi mbili za pingili 11. Vya Paussus havifanani na hivyo hata kidogo. Pingili zake za mwisho zimeungana zikawa rungu moja nene, na kila spishi ina rungu la umbo lake: huyu lake limebapa, yule lake limechimbika kama bakuli, mwingine lina pembe. Anaishi ndani ya vichuguu vya sisimizi, hasa wa jenasi Pheidole. Kwenye vipapasio na mwilini ana vishungi vya nywele vinavyotoa majimaji ambayo sisimizi huyalamba kwa uchu, na huku wao wanalamba, yeye anatoboa mayai na watoto wao na kuwanyonya. Afrika Mashariki tunao wa aina nyingi, na usiku baadhi yao huruka wakafuata taa.

Mtu akimwona mdudu kama huyu kwa mara ya kwanza, atasema nini zaidi ya kwamba ni wa ukoo wake peke yake? Ndivyo walivyosema wataalamu. Kwa muda mrefu sana vitabu vilimpa familia yake mwenyewe, Paussidae. Hawakuwa wazembe. Walitazama kichwa, na kichwa kilipiga kelele kuliko viungo vingine vyote.

Jibu lilikuwa limetulia chini ya tumbo. Mbawakawa wa ardhini na jamaa zao wa karibu wana alama moja ambayo si rahisi kuigiza: sehemu za juu kabisa za miguu ya nyuma zimegandamana na mwili, na zinakata pande la kwanza la tumbo vipande viwili. Paussus anayo alama hiyo. Ana pia tezi za sumu upande wa nyuma kama wao. Rungu la kichwani ni vazi la kazi, limetokana na maisha ya kuwahadaa sisimizi. Miguu ya nyuma ndiyo iliyobeba kumbukumbu ya ukoo. Leo wataalamu wengi humweka ndani ya Carabidae kama nusufamilia. Lakini baada ya kuingizwa nyumbani, swali jingine likazuka: ndani ya nyumba hii alale chumba gani?

Swali hilo limefungwa pamoja na baruti. Wako mbawakawa wa ardhini ambao ukiwagusa hulipua. Wale tunaowaona kwetu, wa jenasi Pheropsophus, wengi wana rangi ya njano na nyeusi. Ndani ya tumbo lao kuna vyumba viwili: kimoja kimehifadhi hidrokwinoni na hidrojeni peroksidi, kingine kina vimeng'enya. Mdudu akitishwa hufungua njia, vitu hivyo vinakutana, na mvuke wenye kuchoma unatoka kwa mlio unaosikika. Mwaka 1969 kundi la watafiti akiwemo Thomas Eisner lilichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba joto lake hufika nyuzi 100 za Selsiasi. Paussus na jamaa zake wanalipua pia, kwa kemia ile ile. Kwa hiyo je, ufundi huu ulibuniwa mara moja, na makundi haya mawili ni ndugu wa karibu, au ulibuniwa mara mbili? Wenye kusema mara mbili wanatazama namna ya kulenga shabaha. Pheropsophus huzungusha ncha ya tumbo akaelekeza mvuke anakotaka. Paussus ana ukingo uliopinda kwenye gamba la mabawa, na mvuke hufuata mpindo huo mpaka mbele. Wenye kusema mara moja wanatazama vyumba viwili na kemia, wanaona ni mambo mazito mno kutokea mara mbili kwenye familia moja. Mjadala huu ni wa miaka mingi na hoja za pande zote mbili zina uzito. Mimi navutiwa zaidi na wale wa mara mbili, lakini kuvutiwa kwangu hakuna thamani yoyote mbele ya mdudu.

Ipo jamii nyingine, ya Cicindela, wale wenye macho makubwa na miguu mirefu wanaokimbia mchana kwenye mchanga wa ufukweni. Linnaeus aliwatenga mwaka 1758. Baadaye vitabu vingi viliwaingiza ndani ya Carabidae, vingine vikakataa. Mwaka 2020 Daniel Duran na Harlan Gough walichapisha makala yaliyotumia ushahidi wa jeni kuwarudishia familia yao. Mwanafunzi atakayefungua vitabu viwili vya rafu moja atamkuta mdudu yule yule ana anwani mbili.

Ipo pia jamii ya Rhysodes, watu wa magogo yaliyooza, wenye vipapasio mfano wa shanga zilizotungwa, ambao hawawindi bali hula ukungu-ute. Ross Bell na mkewe Joyce, wa chuo cha Vermont nchini Marekani, walitumia maisha yao kuwasoma na wakashikilia kwamba hawa ni mbawakawa wa ardhini waliobadilika sana. Wengine huwapa familia ya pekee. Watu walitumaini kwamba DNA ingemaliza ubishi. Mwaka 1999 David Maddison na wenzake walichora mti wa ukoo kutokana na jeni iitwayo 18S, na ndani yake Rhysodes, Paussus na Cicindela walielekea kukaa pamoja. Furaha ya matokeo kama hayo ina mtego. Ukoo ambao DNA yake imebadilika haraka kuliko ya wengine unaweza kufanana na ukoo mwingine uliobadilika haraka, kwa bahati tu, na kompyuta ikawaunganisha ndugu wasiojuana. Kwa hiyo hata jeni hutaka kuhojiwa kama shahidi mwingine yeyote, na jeni moja ni shahidi mmoja.

Nimekaa sana kwenye makundi makubwa, na hiyo si haki, kwa sababu kazi ya kila siku ni ndogo na ya taratibu. Mtaalamu anapomshika mbawakawa asiye na makao huanza na vitu ambavyo jicho tupu halivioni. Juu ya kila jicho kuna nywele ngumu moja au mbili? Pingili za vipapasio zinaanza kuota vinyweleo kutoka ya ngapi? Mifereji ya mgongoni ni mingapi, na kuna vishimo katikati yake? Mguu wa mbele una pengo la kusafishia kipapasio, na pengo hilo limekaa wapi? Akiwa dume, je, pingili za miguu ya mbele zimepanuka? Mwisho hupasua tumbo kwa sindano na kutoa kiungo cha uzazi cha dume, kwa maana spishi zinazofanana nje kabisa mara nyingi hutofautiana hapo. Ukipewa jike peke yake, lililookotwa mara moja na halijaonekana tena, nusu ya ushahidi haipo. Buu lake ndilo lenye siri nyingine nyingi, na mabuu ya spishi nyingi za Afrika hayajaelezwa kamwe. Hivyo mdudu anakaa miaka 60 au 80 akiwa na jina bila makao, si kwa sababu watu ni wajinga, bali kwa sababu hakuna aliyerudi mlimani kumtafuta mumewe.

Na milima yenyewe ni yetu. Mwaka 1911 na 1912 Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walipita Afrika Mashariki wakikusanya wadudu, na milima mirefu, Kilimanjaro na Kenya ikiwa miongoni mwayo, ndiyo iliyowapa hazina. Karibu na vilele kuna mbawakawa wa ardhini wasioruka kabisa. Mabawa yao ya nyuma yamedumaa. Mdudu asiyeruka hawezi kuvuka nyanda za joto kwenda mlima wa pili, kwa hiyo vizazi vyake hutengana na vya jirani, na kila mlima hupata spishi zake. Jeannel alirudi kwenye kazi hiyo miaka mingi, akasisitiza umuhimu wa viungo vya uzazi katika kupambanua spishi. Baada yake alikuja Mbelgiji Pierre Basilewsky wa makumbusho ya Tervuren, aliyeandika juu ya Carabidae wa Afrika kuliko karibu mtu yeyote, na ambaye mwaka 1957 alizunguka Afrika Mashariki pamoja na Narcisse Leleup. Rwenzori nayo ilipata msafara wa makumbusho ya Uingereza mwaka 1934 na 1935.

Kazi yao naisifu bila kinyongo. Lakini matokeo yake ni kwamba mdudu wa kwanza kabisa aliyetumika kuelezea spishi, yule ambaye kila ubishi lazima urejee kwake, mara nyingi yuko Paris, Tervuren au London. Mtu wa Kampala anayetaka kujua kama mbawakawa aliyemwokota Nakivubo ni yule aliyeelezwa miaka mia moja iliyopita, analazimika kuomba visa. Picha za kisasa zimepunguza tatizo, ila picha ya mgongo haionyeshi kiungo kilichomo tumboni.

Wasomaji wataona kwamba hizi ni habari za mdudu asiyeliwa wala kuuzwa. Basi tumtazame yule anayeuzwa. Mwezi wa Novemba ukifika, Owino na Nakasero hujaa panzi waitwao nsenene. Usiku mitego ya mabati na taa kali huwashwa, Masaka ikiongoza, na asubuhi wanawake hukaa wakinyofoa mabawa na miguu. Wapo wa kijani, wapo wa kahawia, wapo hata wenye zambarau, na mnunuzi anaweza kudhani ni aina tofauti. Ni spishi moja. Rangi yake si ukoo. Mdudu huyu ni muziro, yaani mwiko, wa kika cha Nsenene, na mwana wa kika hicho hamli hata akiwa na njaa.

Haya, kitaalamu ni nani? Vitabu vya zamani vinamwita Homorocoryphus nitidulus. Mwaka 1975 W. J. Bailey alipitia upya spishi za Afrika za jenasi Ruspolia, na jina linalokubalika leo ni Ruspolia differens, ambaye alielezwa na Mfaransa Serville mwaka 1838. Ruspolia nitidula ni mwingine, wa Ulaya, aliyeelezwa na Scopoli mwaka 1786. Hata hivyo jina la yule wa Ulaya liliendelea kubandikwa kwa wa kwetu: utafiti wa biashara ya nsenene katika Uganda ya kati uliochapishwa mwaka 2008 na watafiti wa Makerere bado uliliweka kwenye kichwa chake. Madhara yake yanaonekana kirahisi. Kijana wa Masaka anayetaka kufuga nsenene ili asingoje msimu, akitafuta kwa jina hilo, atasoma habari za mdudu anayeishi kwa kufuata majira ya baridi na joto ya Ulaya, na atapanga joto, chakula na siku za kuangua mayai kwa hesabu ya nchi nyingine. Hilo ni kosa la fedha na jasho, na limetokana na jina.

Kanuni ya wanazuolojia ni kwamba jina la kwanza lililotolewa kihalali ndilo lenye haki, kuanzia mwaka 1758. Soko lenyewe halifuati kanuni hiyo. Kwenye karatasi linaitwa St. Balikuddembe, kwa heshima ya Joseph Mukasa Balikuddembe, mfia dini aliyeuawa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885. Mdomoni mwa watu limebaki Owino. Watu wanalipata soko kwa majina yote mawili kwa kuwa soko lipo pale pale na linaonekana. Spishi haionekani hivyo. Wanaoishika kwa mkono ni wachache, na wengine wote wanaifikia kupitia jina peke yake.

Kwa hiyo swali langu ni nani atakayewatafutia makao hawa waliobaki. Inawezekana kufanyika hapa, na imewahi kufanyika. Kabla Thomas Odhiambo hajaanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Nairobi mwaka 1970, na kabla hajawa jina kubwa la sayansi barani, alifanya kazi Kawanda, mwendo mfupi tu kaskazini ya Kampala, akiwa mtaalamu wa wadudu katika idara ya kilimo ya Uganda. Huko alijifunza kunguni wa mimea wa familia ya Miridae, akaanza kuchapisha mfululizo wa makala juu ya spishi zao za Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Watu humkumbuka kwa taasisi aliyoijenga. Ningependa akumbukwe pia kama kijana wa Kiafrika aliyekaa na lenzi akihesabu nywele za mdudu na kuamua ni wa jenasi gani, katika wakati ambao uamuzi huo ulidhaniwa kuwa wa Ulaya peke yake.

Sidai kwamba kila mdudu aliyechukuliwa arudishwe kesho. Tarehe 2 Septemba 2018 makumbusho ya taifa ya Brazili yaliteketea pale Rio de Janeiro, na mkusanyiko wa wadudu wapatao milioni 5 karibu wote ukaisha usiku mmoja. Owino iliungua Februari 2009. Jengo kuu la Makerere liliungua Septemba 2020. Tunajua moto. Vilivyokusanywa vikae sehemu zaidi ya moja, na sehemu mojawapo iwe hapa. Ninachokidai ni kwamba kila msafara unaokuja Rwenzori au Elgon uache nakala za kila spishi Kampala, na kwamba vyuo vyetu viajiri watu wa kazi hii, mishahara ya kudumu, si mradi wa miaka miwili. Anayehesabu mifereji ya mgongo wa mbawakawa huhitaji miaka 10 kabla macho yake hayajaanza kuaminika. Mradi unaodai jibu haraka utamlazimisha aandike jenasi ya kubahatisha pale alipopaswa kuandika kwamba makao hayajajulikana.

Nawe unayesoma haya unaweza kuanza leo. Ukimkuta mbawakawa mweusi chini ya ubao kibandani, usimkanyage. Mtie kwenye chupa ndogo yenye spiriti, pamoja na kipande cha karatasi kinachoeleza mahali, tarehe, chini ya kitu gani ulimkuta, na jina lako, kisha umpeleke idara ya zuolojia Makerere. Mdudu asiye na karatasi hiyo hana faida kwa mtaalamu, hata awe wa nadra namna gani. Andika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti na maandishi hufutika.